Muzee akibadilika tabia: progranulini, proteini inayolinda ubongo na kutuliza moto wa mwili

Msikilizaji mmoja wa upande wa Nyabiondo, teritware ya Masisi, alitutumia sauti kwa WhatsApp. Dakika nne. Jina lake tunaliacha, na la kijiji pia. Anaeleza juu ya baba yake, muzee wa miaka 58, mulimaji wa maharagi, mushauri kanisani, mtu ambaye watu walikuwa wanamuita kila mara kukiwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Tangu miaka miwili muzee huyu amebadilika. Anacheka kwenye kilio. Anachukua nyama kwenye sahani ya mgeni. Anakula sukari kwa mkono mpaka mfuko unaisha. Mke wake alipougua sana, alimuangalia tu namna mtu anaangalia mvua, kisha akaenda kulala. Lakini njia ya shamba haijampotea, na ukimuuliza ni nani alikuwa chefu wa kijiji wakati wa Mobutu, anajibu bila kukosea.

Familia iliitisha kikao. Kwenye chumba cha maombi waliambiwa kwamba dada mkubwa wa baba ndiye "anakula akili yake". Shangazi huyo, mjane wa miaka zaidi ya 70, alifunga vitu vyake usiku na kutembea mpaka Sake. Mwisho wa sauti kijana anauliza: "Mutuambie ukweli. Kuko ugonjwa wa namna hii, ao ni ulozi tu?"

Ugonjwa wa namna hii uko. Sisi si waganga, na hakuna mtu anaweza kusema kutoka studio kwamba baba huyu anaumwa hiki ao kile. Lakini dalili ambazo kijana ametaja zimeandikwa kwenye vitabu vya waganga tangu zaidi ya miaka mia moja. Na tangu mwaka 2006 tunajua kwamba kwa familia fulani sababu yake ni upungufu wa proteini moja tu, inayoitwa progranulini. Tumeona ni vizuri tuieleze polepole, juu kwa upande wetu kutokujua kitu hiki kunaweza kumfukuza mama mzee kwenye nyumba yake, ao kumuua.

Kwanza, neno demansi. Wengi wetu tukisikia mtu "anazeeka kichwa" tunafikiri kusahau: bibi anauliza jambo moja mara tano, anapotea njia ya kisima, anamuita mjukuu kwa jina la mtoto wake aliyekufa. Hiyo mara nyingi ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio wa kwanza kwa wingi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wanaishi na demansi, na zaidi ya nusu yao wako katika inchi zenye mapato ya chini na ya kati. Kwa hiyo wale wanaosema "hiyo ni ugonjwa wa wazungu" wanakosea kwa hesabu kabisa.

Lakini kuna demansi nyingine isiyoanza kwa kusahau. Inakamata sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, na pande za karibu na masikio. Waganga wanaiita demansi ya mbele na ya pembeni. Munganga Arnold Pick wa Prague alieleza mgonjwa wa aina hiyo mwaka 1892. Inapenda kuanza mapema, mara nyingi kati ya miaka 45 na 65, wakati mtu bado ana nguvu za kulima na watoto bado wanasoma. Sehemu ile ya ubongo ndiyo inatupa haya, huruma, uvumilivu, kujua kwamba jambo hili halisemwi mbele ya wakwe. Ikianza kufa, mtu anakuwa kama mgeni ndani ya mwili wake mwenyewe. Wengine wanapoteza maneno: anataka kusema "jembe", anasema "ile kitu, ile kitu". Wengine wanapenda chakula kitamu kupita kiasi. Na mara nyingi mgonjwa mwenyewe hajui kama amebadilika, ukimuambia, anakushangaa.

Hapo njo tatizo linaanzia. Mtu anayesahau tunamuhurumia. Mtu anayekosa heshima tunamtafutia mulozi.

Sasa tuingie kwenye hiyo proteini. Kila seli ya mwili wetu imebeba maandishi yanayoitwa jeni, na kila jeni tunaipata mara mbili: kopi moja ya baba, kopi moja ya mama. Miaka ya 1990 watafiti walikuwa wanafuata familia ambamo demansi hii inapita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, kutoka kwa mtoto kwenda kwa mjukuu. Walijua mtaa wa ugonjwa: kromosomu namba 17. Mwaka 1998 walipata kwenye mtaa huo jeni moja mbovu, ya proteini inayoitwa tau. Wakashangilia. Lakini kulikuwa familia nyingine, ugonjwa wao ulikuwa mtaa uleule na jeni ya tau ilikuwa nzima kabisa. Miaka nane watu walipiga hodi kwenye nyumba isiyokuwa yenyewe. Mwaka 2006 timu mbili, moja ya Mayo Clinic huko Florida, Marekani, na nyingine ya Bi Christine Van Broeckhoven huko Anvers, Ubelgiji, zilitangaza jibu kwa wakati mmoja: ni jirani ya tau, jeni ya progranulini. Timu ya Anvers iliipata kwa kufuata familia za Ubelgiji.

Katika familia hizo kopi moja ya jeni imeharibika na haitoi kitu. Kopi nyingine inafanya kazi peke yake. Kwa hiyo mtu anaishi na karibu nusu ya progranulini ambayo angepaswa kuwa nayo, ao chini ya nusu. Kwa miaka 40 ao 50 hiyo nusu inatosha. Mtu anasoma, anaoa, anazaa, hakuna anayeona chochote. Kisha haitoshi tena.

Progranulini inafanya nini? Kazi zake ni nyingi, lakini mbili ndizo zinatuhusu.

Ya kwanza ni usafi. Ndani ya kila seli kuna shimo la takataka, linaitwa lisosomu. Vitu vilivyozeeka vinatupwa humo, vinakatwakatwa, na vilivyo vizuri vinatumiwa tena. Progranulini inasaidia shimo hilo kufanya kazi. Ikipunguka, takataka zinajaa. Kila mtu aliyeishi kwenye kambi ya wakimbizi ya Mweso ao ya Sake anajua kinachofuata mashimo yakijaa: watu hawaugui siku ileile, lakini wanaugua. Kwenye seli za ubongo kunatokea pia kitu kingine: proteini inayoitwa TDP-43, ambayo kazi yake iko katika chumba cha katikati cha seli, inatoka chumbani humo na kurundikana nje kama gunia zilizooza. Seli inachoka, inakufa. Na seli za ubongo hazioti tena kama majani ya sombe.

Kwamba jambo la usafi ni la kweli, tunalijua kwa sababu ya watu wachache sana duniani ambao kopi zote mbili zimeharibika. Mwaka 2012 watafiti walieleza ndugu wawili wa familia moja ya Italia waliokuwa hawana progranulini kabisa. Hao hawakungoja uzee. Wakiwa vijana tu macho yalianza kupotea, kukaja kifafa, kutembea kukawa kwa kuyumba. Ugonjwa wao uko katika kundi la magonjwa ya lisosomu zilizojaa. Proteini ileile: nusu ikikosekana, demansi kwenye miaka 50 ao 60, yote ikikosekana, ugonjwa mwingine katika ujana.

Kazi ya pili ni moto wa mwili. Ukijikata panga shambani, kesho yake pale panakuwa pekundu, pamevimba, pana joto, panauma. Huo si ubaya. Ni askari wa mwili wamefika, wanaua vijidudu na kusafisha kidonda. Waganga wetu kwa Kifaransa wanaita inflamasio. Ubaya unakuja askari wakikataa kuondoka. Na hapa Masisi na Walikale hatuhitaji maelezo marefu juu ya askari ambao hakuna aliyewaambia vita imeisha: wanabaki barabarani, wanaweka barieri, wanaanza kula mali ya raia waliokuja kumlinda.

Progranulini ni kati ya sauti zinazowaambia askari hao watulie. Kwenye kidonda, inaongezeka na kusaidia nyama kufunga. Kwenye ubongo kuna askari wa pekee, wanaitwa mikroglia. Katika panya ambao watafiti waliwaondolea jeni ya progranulini, mikroglia wanakuwa wakali kupita kiasi, mpaka wanaanza kukata viungo vinavyounganisha seli moja na nyingine, viungo vizima visivyokuwa na kosa. Ni hivi ubongo unavyoharibika kutoka ndani bila kidudu hata kimoja kuingia.

Kuna jambo la ajabu kidogo hapa, na mimi lilinichukua siku mbili kulielewa. Progranulini imejengwa kama uzi wenye shanga saba na nusu. Uzi ukiwa mzima, unatuliza moto. Lakini seli nyeupe za damu zinatoa mkasi, elastasi, ambao unaweza kukata uzi huo, na shanga zikitawanyika, baadhi yake zinafanya kinyume: zinawasha moto. Shanga hizo zinaitwa granulini. Kwa hiyo si swali la kuwa nayo ao kukosa tu. Ni pia swali la kama imebaki nzima.

Na hapo mtu asiseme "basi tunywe progranulini". Kwanza haiko kwenye chakula wala kwenye kidonge. Pili, ikizidi, haina urafiki: waganga wanaiona kwa wingi katika aina fulani za kansa, ambako inasaidia uvimbe kukua. Mtu akiwauzia sokoni chupa ya "dawa ya kusafisha bongo", hata kama chupa imeandikwa Kichina vizuri sana, mubakize franga zenu.

Dawa ya kweli inatafutwa. Ile iliyofika mbali kuliko zote inaitwa latozinemab. Ni dawa inayozuia mwili kuondoa progranulini haraka, ili ile nusu iliyobaki ikae muda mrefu. Watu wengi waliitumainia. Mwezi wa 10 mwaka 2025 kampuni Alector ya Marekani ilitangaza matokeo: kweli dawa ilipandisha progranulini kwenye mwili, lakini ugonjwa haukupunguza mwendo. Habari hiyo iliumiza familia nyingi. Pengine dawa ilikuja kuchelewa, seli zikiwa zimeshakufa. Pengine proteini ilipanda nje ya seli na haikufika kwenye shimo la takataka ambako ilihitajika. Timu nyingine zinajaribu njia tofauti, kama kuingiza kopi nzima ya jeni moja kwa moja kwenye ubongo. Leo hii hakuna dawa ya kuponya, si hapa, si Brussels, si New York. Tunasema wazi juu kuna familia ambazo zinauza ng'ombe kutafuta kitu ambacho hakipo.

Turudi kwenye sauti ya kijana wa Nyabiondo. Kuna neno moja katika ugonjwa huu ambalo linafanana sana na laana. Mzazi mwenye kopi mbovu ana kopi mbili, na kwa kila mtoto anatoa moja tu. Kwa hiyo kila mtoto ana nafasi moja juu ya mbili kuipokea. Si wote wanaoipokea wataugua, na wanaougua hawaugui kwa umri mmoja. Na tena, katika ukoo mmoja ugonjwa unaweza kubadilisha sura: babu alikosa haya, shangazi alipoteza maneno, baba mdogo alianza kutetemeka na kutembea kwa shida. Mtu akiangalia ukoo wa namna hiyo bila kujua jeni, atasema nini? Atasema wamerogwa, na atatafuta nani amebaki mzima. Huyo aliyebaki mzima ndiye atashitakiwa.

Lakini fikirini kidogo. Kama ugonjwa wa baba ni wa ukoo, dada yake amezaliwa na wazazi walewale. Hakumpa ndugu yake kitu. Kama kuna kitu, na yeye angeweza kuwa amekibeba.

Hii si hadithi ya kujaza nafasi. Mwezi wa 9 mwaka 2021, jirani zetu wa Kivu ya Kusini walihesabu wanawake wanane waliouawa, wengine kwa kuchomwa moto, juu ya kushitakiwa ulozi. Katika teritware ya Kalehe, ambayo inapakana na Masisi, mashitaka yalikuwa mengi sana, na wengi walitaja bajakazi, wale wanawake wa maombi wanaojidai kuonyesha walozi. Walioshitakiwa wengi walikuwa wazee. Ni wangapi kati yao walikuwa wanaongea peke yao, ao kutembea usiku kwa sababu ubongo ulikuwa unaumwa?

Sasa, mtu afanye nini hapa kwetu? Kipimo cha progranulini ni cha damu, lakini mashine yake haiko Masisi wala Walikale. Inchi yetu hata hivyo haijalala. Huko Kinshasa, Profesa Jean Ikanga, Mcongomani anayefanya kazi na Chuo Kikuu cha Emory cha Marekani na Chuo Kikuu cha Kinshasa, na wenzake, wamepima wazee wenye demansi na wazee wazima, kwa maswali yaliyotengenezwa kwa ajili ya Waafrika. Wamechukua pia damu na kupima proteini za Alzheimer pamoja na zile za moto wa mwili. Ni muhimu, juu vipimo vilivyotengenezwa kwa wazungu wenye diploma havimfai bibi wa Walikale asiyesoma. Ukimuuliza achore saa, atakushangaa; muulize bei ya kuku sokoni na majina ya wajukuu.

Kitu cha kwanza ni mwendo wa ugonjwa. Muzee aliyelala mzima jana na leo anasema maneno ya ovyo, haoni watu, ana homa ao la: hiyo si demansi, ni haraka. Inaweza kuwa malaria ya kichwa, maambukizo, sukari ya damu kushuka, ubongo kukosa damu. Kimbieni kituo cha afya siku hiyohiyo, msipitie kwanza kwenye maombi. Demansi inakuja kwa miezi na miaka.

Hata ile inayokuja polepole, isiitwe demansi kabla munganga hajatafuta mambo yanayotibika. Kaswende ya zamani inaweza kufika kwenye ubongo. Inatibiwa kwa penisilini. VVU pia inaweza kufika kwenye ubongo. Tezi la shingo lisilofanya kazi, upungufu wa vitamini B12, pombe kali ya kila siku. Mtu aliyeanguka kwenye pikipiki miezi miwili nyuma anaweza kuwa na damu inayofinya ubongo. Na huzuni: mtu aliyekimbia mara nne, aliyezika watoto, anaweza kunyamaza na kusahau mpaka ukafikiri akili imeisha, kumbe ni moyo. Masikio na macho pia. Kuna wazee wanaoitwa wapumbavu wakati hawasikii tu.

Kwa Masisi, mlango wa kwanza ni kituo cha afya, kisha lopitali kuu ya Masisi, ambako MSF imekuwa ikisaidia kwa miaka mingi, tangu 2007. Kwa mambo ya akili na ubongo, Goma kuna kituo Tulizo Letu cha Mabruda wa Charité, na Bukavu kuna SOSAME. Tunajua kwamba kusema "nendeni Goma" kwa mtu wa Pinga ao wa Mubi ni kusema rahisi. Barabara ya Walikale munaijua, na vita munaijua. Lakini hata muuguzi wa kijiji anaweza kupima tansio, kupima malaria, VVU na kaswende, na kuandika barua.

Nyumbani, wanaomtunza mgonjwa wa tabia wanasema vitu vinavyosaidia ni vidogo: msibishane naye, fungeni sukari na pombe, muondoeni mtu huyo kwenye mambo ya franga na ya kuuza shamba, juu atadanganywa, mumpe kazi ya mikono anayoiweza, kama kupukuchua mahindi. Na anayemtunza apumzike, watoto wabadilishane. Mara nyingi ni mama mmoja anabeba yote, na hakuna anayemuuliza kama amelala.

Wataalamu wa jarida la The Lancet waliandika mwaka 2024 kwamba karibu kesi 45 kwa 100 za demansi zingeweza kuzuiwa ao kucheleweshwa, kama watu wangeshughulika na mambo 14, kati yake tansio ya juu, kisukari, tumbaku, pombe nyingi, kuumia kichwa, kutosikia, na kukosa masomo utotoni. Jeni ya progranulini haimo; mtu hachagui jeni. Lakini tansio inapimwa kwa dakika tano.

Wiki iliyopita kijana wa Nyabiondo alituma sauti ya pili, fupi. Muuguzi amempima baba: malaria hakuna, kaswende hakuna, tansio iko juu na ameanza dawa. Wanatafuta nauli ya Goma. Na yeye mwenyewe alishuka mpaka Sake kumuona shangazi. Alimkuta anauza ndizi mbele ya nyumba ya watu. Alimuomba arudi. Shangazi alimuuliza kwanza kama wale wa chumba cha maombi bado wako kijijini.